Pembetatu ya Pascal kwa Vizibo vya Soda: Shajara ya Mradi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Ukuta mmoja wa chumba ninachofundishia hisabati hapa Majengo, Mombasa, umekaa mtupu tangu upakwe rangi, na leo nimeamua kitakachouvaa. Itakuwa pembetatu ya Pascal yenye safu 64, iliyoundwa kwa vizibo vya soda, ambamo kila namba witiri itakuwa kizibo chekundu na kila namba shufwa kizibo cheusi. Kanuni ya kuiunda wanafunzi wangu wanaijua: safu ya juu kabisa ina 1 peke yake, kila safu huanza na kuishia kwa 1, na kila namba ya ndani ni jumla ya namba mbili zilizo juu yake, ya kushoto na ya kulia. Safu ya kwanza naiita safu ya 0, kama ilivyo desturi, na nafasi ndani ya safu nazihesabu kuanzia 0 vilevile. Kwa mpango huo safu ya 4 ni 1, 4, 6, 4, 1, na namba iliyo katika nafasi ya k ya safu ya n ni idadi ya njia za kuchagua vitu k kati ya vitu n.

Jina la mwanahisabati Mfaransa Pascal limeganda kwa sababu ya risala yake iliyochapishwa mwaka 1665, miaka 3 baada ya kufa kwake. Mwanahisabati Al-Karaji alikwisha kuishughulikia pembetatu hii zaidi ya miaka 600 kabla ya hapo, na Wairani hadi leo huiita pembetatu ya Khayyam, kwa jina la mshairi na mwanahisabati wao Omar Khayyam. Naliandika hili mapema nisije nikalisahau siku ya kutengeneza kibao cha maelezo.

Safu 64 zinahitaji vizibo 1 + 2 + 3 na kuendelea hadi 64, yaani 2,080. Swali la leo ni la dukani tu: ninunue rangi nyekundu ya kutosha vizibo vingapi? Kuzikokotoa namba zenyewe ni kazi bure, kwani ile ya katikati ya safu ya 62 ina tarakimu 18. Bahati nzuri ni kwamba hatuzihitaji. Witiri na witiri huzaa shufwa, shufwa na shufwa huzaa shufwa, na zikichanganyika huzaa witiri, kwa hiyo pembetatu nzima yaweza kujazwa kwa alama mbili bila kuandika namba yoyote kubwa. Nimempa mpwa wangu, aliye kidato cha pili, karatasi ya miraba na kalamu nyekundu.

Jumapili, 19 Januari

Mpwa wangu amefika safu ya 15, na amenipa orodha ya idadi ya witiri katika kila safu kuanzia ya 0: 1, 2, 2, 4, 2, 4, 4, 8, 2, 4, 4, 8, 4, 8, 8, 16. Kabla sijasema neno aliuliza, "Mjomba, mbona hakuna safu hata moja yenye witiri sita?" Mimi nilikuwa nikingojea jumla ya kununulia rangi, na yeye ameona jambo kubwa kuliko jumla, kwamba kila idadi ni 2 iliyojizidisha mara kadhaa na hakuna kinachopenya katikati.

Jibu limo katika namba ya safu inapoandikwa kwa mfumo wa binari. Nilianza kumwandikia 13 kuwa 1101, nikaona macho yake yananipotea, ndipo nikakumbuka vipimo vya nafaka alivyokuwa navyo bibi yangu. Kibaba ndicho kidogo. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili, yaani vibaba vinne, ni pishi, hiyo hiyo pishi ambayo bado tunaisikia kila Ramadhani inapokaribia kwisha na watu wakaanza kuulizana juu ya zaka ya fitri. Kila chombo ni maradufu ya kilichokitangulia, na kwa sababu hiyo mchele wowote wa kuanzia kibaba 1 hadi vibaba 7 unaweza kupimwa kwa kukijaza kila chombo mara moja tu au kukiacha kabisa, na daima kwa njia moja pekee. Vibaba 5 ni pishi na kibaba, 6 ni pishi na kisaga, 7 ni vyote vitatu. Ukiongeza chombo cha pishi mbili utafika vibaba 15, cha pishi nne utafika 31, na cha pishi nane utafika 63. Mfumo wa binari ni hivyo tu: 1 ni chombo kilichojazwa, 0 ni chombo kilichobaki rafuni. Nashangaa kwamba nimefundisha mfumo huu miaka yote kwa mifano ya swichi na balbu, ilhali wazee wetu walikuwa nao jikoni.

Kanuni sasa yaweza kusemwa bila alama yoyote. Ihesabu idadi ya vyombo vinavyohitajika kupima namba ya safu, kisha anza na 1 na kuizidisha kwa 2 mara moja kwa kila chombo. Utakachopata ni idadi ya witiri katika safu hiyo. Safu ya 8 inahitaji chombo kimoja, kwa hiyo ina witiri 2. Safu ya 13 inahitaji vitatu, ina witiri 8. Safu ya 15 inahitaji vinne, na ndiyo maana witiri zake 16 zimeijaza safu yote. Mwanahisabati wa Cambridge, J. W. L. Glaisher, aliichapisha kanuni hii mwaka 1899.

Hesabu ya rangi nayo imepatikana humo humo. Safu za 16 hadi 31 hupimwa kwa vyombo vilevile vya safu za 0 hadi 15, pamoja na kile cha vibaba 16, kwa hiyo orodha ya mpwa wangu itajirudia yote kwa maradufu. Jumla ya zamani ikijumlishwa na maradufu yake ni mara tatu ya ilivyokuwa. Safu 1 ina witiri 1, safu 2 zina 3, safu 4 zina 9, kisha 27, 81, 243, na safu 64 zina 729. Vizibo vyekundu ni 729, vyeusi 1,351.

Jumamosi, 1 Februari

Nilimwahidi mpwa wangu kwamba kanuni haitaandikwa ukutani kabla hajauona uthibitisho wake, na leo tumeumaliza. Ni mfupi, ingawa ulituchukua asubuhi nzima.

Namba za safu ya n ndizo zinazotokea mbele ya vipeo vya x tunapoikuza (1 + x) kwa kipeo cha n. Anza na kipeo cha 2: tunapata 1 + 2x + x². Kwa kuwa tunajali witiri na shufwa pekee, 2x yaweza kutupwa, ikabaki 1 + x². Tukiikuza tena kwa kipeo cha 2, kwa sababu ileile itabaki 1 + x⁴, kisha 1 + x⁸, na hivyo hivyo kila tunapoongeza maradufu. Sasa ichukue safu ya 13, ambayo ni 8 na 4 na 1. (1 + x)¹³ ni (1 + x)⁸ mara (1 + x)⁴ mara (1 + x), na kwa macho yasiyoona shufwa hiyo ni (1 + x⁸)(1 + x⁴)(1 + x). Kuyafungua mabano hayo ni kuchagua, katika kila mojawapo, ama 1 ama kipeo cha x. Mabano ni matatu, machaguo ni mawili kwa kila moja, kwa hiyo yanatoka matokeo 8, na vipeo vyake ni 0, 1, 4, 5, 8, 9, 12 na 13. Hakuna viwili vinavyogongana, kwa kuwa kila kiasi kina njia moja tu ya kupimwa, na visipogongana hakuna kinachojumlishwa na mwenzake kikageuka shufwa. Tuliiandika safu ya 13 kamili tuone: 1, 13, 78, 286, 715, 1,287, 1,716, kisha zilezile kwa kurudi nyuma. Witiri ziko palepale tulipoambiwa.

Faida ya uthibitisho huu ni kwamba unatoa zaidi ya ulichoombwa. Tuliuliza ni witiri ngapi, ukatuonyesha na mahali zilipo. Ukienda sokoni na pishi na kisaga tu, na kila kimoja ukaruhusiwa kukijaza mara moja, unaweza kurudi na vibaba 0, 2, 4 au 6, lakini huwezi kurudi na 3. Safu ya 6 ni 1, 6, 15, 20, 15, 6, 1, na witiri zake ziko katika nafasi ya 0, 2, 4 na 6. Kwa jumla, nafasi ya k katika safu ya n ina witiri pale tu ambapo vyombo vya kupimia k vyote vimo miongoni mwa vyombo vya n. Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1878 kanuni pana zaidi inayohusu baki za kugawanya kwa namba tasa yoyote, na hii yetu ni tawi lake linalohusu 2.

Mtu akitafuta habari za jambo hili hukutana kwanza na picha ya pembetatu zilizojaa pembetatu, ile inayoitwa kwa jina la Mpolandi Sierpiński aliyeieleza mwaka 1915, na mara nyingi maelezo huishia kwenye kusifu uzuri wake. Siikatai picha, kwani ndiyo ninayoitundika. Ila mwanafunzi aliyeonyeshwa picha kabla ya vyombo huiona kama mwujiza, naye aliyeanza na vyombo anaweza kukwambia safu ya 1,000 ina witiri ngapi hali amefumba macho. Ni 64, kwa kuwa 1,000 ni 512, 256, 128, 64, 32 na 8.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda kwa fundi seremala, Mwembe Tayari, na mchoro wangu. Kizibo kina upana wa milimita 32, na nimepanga milimita 34 kutoka katikati ya kizibo hadi katikati ya jirani yake, kwa hiyo safu ya chini ingekuwa na upana wa karibu mita 2.17, na kimo cha pembetatu karibu mita 1.9. Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 una milimita 2,440 kwa 1,220. Hesabu yangu ilikuwa mbao mbili, zilizoungwa katikati kwa upapi.

Fundi aliutazama mchoro kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, hivi vyeusi vina kazi gani?" Nikamweleza kwamba ni shufwa. Akasema shufwa zikae mbao tupu iliyopakwa nyeusi, kwa nini nipigilie misumari 1,351 kwa ajili ya vitu ambavyo kazi yao ni kutoonekana? Sikuwa na jibu, na misumari hiyo nimeiokoa.

Halafu akaweka kidole katikati ya mchoro, penye ile pembetatu kubwa iliyopinduliwa kichwa chini, isiyo na nyekundu hata moja, akauliza kama hapo napo panahitaji mbao. Hiyo ni sehemu ya safu za 32 hadi 62 yenye shufwa 496 mfululizo. Kila safu kuanzia ya 32 hadi ya 63 ina chombo cha vibaba 32 pamoja na vyombo vya safu fulani ya nusu ya juu, kwa hiyo witiri zake ni nakala mbili za safu hiyo ya juu, moja inayoanzia nafasi ya 0 na nyingine inayoanzia nafasi ya 32, na katikati yake hakuna kitu. Pembetatu ya safu 64 basi ni pembetatu tatu za safu 32 zinazofanana kwa kila hali, na shimo katikati. Fundi hakuwahi kusikia habari za Lucas. Aliona vipande vitatu sawa na mahali patupu, akaona anakata mbao bure.

Kila kipande kina pande tatu za milimita 1,140, na kimo cha milimita 987. Alivipanga juu ya ubao mmoja, cha kwanza kikisimama, cha pili kimepinduliwa ubavuni mwake, cha tatu kikisimama tena. Vyote vitatu vinakula milimita 2,280 za urefu, na nafasi inabaki kwa upotevu wa meno ya msumeno. Kwa hiyo nimelipia ubao mmoja badala ya mbili.

Kasoro ipo, na nimeikubali. Pambizo za vipande zinafanya umbali kati ya kizibo cha mwisho cha kipande kimoja na cha kwanza cha jirani yake uwe milimita 86 badala ya 34, kwa hiyo maungio yataonekana. Fundi alipendekeza tupunguze pambizo. Nami naogopa pembe zitachanika tukigongea vizibo ukingoni.

Jumapili, 16 Februari

Siku ya makosa, na ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Nilikuwa nimemtaka mpwa wangu aendelee na kielelezo cha safu za 16 hadi 31 kwa kujumlisha safu baada ya safu, asiguse vyombo, ili njia mbili zikaguane. Hadi safu ya 23 alikuwa akichora bila kuhesabu. Kuanzia ya 24 akaanza kuhesabu witiri za kila safu na kuzilinganisha na kanuni, na safu za 24, 25, 26 na 27 zikatoa 4, 8, 8 na 16, sawasawa na inavyotakiwa. Safu ya 28 hupimwa kwa vyombo 3, yaani 16, 8 na 4, kwa hiyo ilipaswa kuwa na witiri 8. Karatasini zilikuwa 6.

Tuliijumlisha upya safu ya 27 mara mbili, kila mtu peke yake, na jibu likabaki 6. Safu nne zilizotangulia zilikuwa zimepita mtihani. Kwa karibu nusu saa niliishuku kanuni yenyewe, jambo ninaloliandika kwa haya, kwa kuwa uthibitisho wake ulikuwa kwenye daftari lilelile nililokuwa nimelishika.

Kilichotuokoa ni kwamba kila safu ya pembetatu husomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Safu ya 24 inapaswa kuwa na witiri katika nafasi ya 0, 8, 16 na 24. Karatasini zilikuwa katika 0, 12, 16 na 24. Idadi ilikuwa sahihi na safu ilikuwa mbovu. Tukapanda juu: safu ya 23 ilikuwa na witiri 20 mahali pa 16, safu za 22 na 21 zilikuwa na 10 kila moja mahali pa 8, na safu ya 20 ilikuwa na 5 mahali pa 4. Hapo, katika nafasi ya 8, palikuwa na nukta nyekundu ya ziada, huenda kalamu iliegemea karatasi. Mpwa wangu hakunywea. Alitaka kujua kwa nini kosa lilijificha safu nne kisha likajitokeza.

Maelezo yake yanastahili nafasi. Kosa moja halibaki moja, kwa sababu safu za chini huijumlisha ile nukta ya uongo kama zinavyojumlisha za kweli, na matokeo ni pembetatu ndogo ya Pascal, yenye kilele katika safu ya 20 nafasi ya 8, iliyolala juu ya ile kubwa. Palipo na witiri ya pembetatu ndogo, alama ya kweli hugeuzwa: nyekundu hufutika, nyeupe huwa nyekundu. Katika safu za 20 hadi 23 ile ndogo iliangukia mahali pa shufwa tupu, kwa hiyo idadi ikavimba. Katika safu ya 24 safu yake ya 4, yenye witiri mbili za kingoni tu, iliangukia nafasi ya 8 na ya 12; ya 8 ilikuwa witiri ikafutwa, ya 12 ilikuwa shufwa ikawashwa, idadi ikabaki 4. Safu tatu zilizofuata zilikuwa na mabadilishano ya namna hiyo hiyo. Kisha katika safu ya 28, kingo mbili za pembetatu ndogo ziliangukia nafasi ya 8 na ya 16, na zote mbili zilikuwa witiri za kweli. Zote zikafutika, 8 zikawa 6.

Utaratibu umebadilika tangu leo. Kuhesabu peke yake hakutoshi. Kila safu inahesabiwa, inasomwa kutoka pande zote mbili, kisha nafasi zake zinalinganishwa na zile zinazotolewa na vyombo, na hapo tu ndipo inahamishiwa kwenye mbao.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeingia na kazi imehamia usiku, baada ya tarawehe. Vizibo vimefika 960. Vingi vimetoka kwa wauza soda wa ufukweni Mama Ngina na kwenye arusi mbili za Februari. Jirani aliniletea mfuko mzima wa vizibo vya bia kutoka kazini kwake, na mama alivikataa mlangoni. Nilijaribu kusema kwamba vikishapakwa rangi havijulikani, sikusikilizwa.

Kifungulio hukikunja kizibo upande mmoja, kwa hiyo kila kimoja kinagongwa kwa nyundo juu ya kipande cha chuma, kinatobolewa katikati kwa msumari, kisha kinapakwa rangi ya mafuta. Joto la kaskazi linaikausha haraka. Vizibo 41 vimeharibika kwa kugongwa kupita kiasi.

Watoto wanaokuja kusaidia wanalijua neno witiri kutoka kwenye swala kabla ya kulikuta katika hisabati, na mmoja wao alinikumbusha kwamba shufwa na witiri zimetajwa pamoja mwanzoni mwa Suratul Fajr. Sikulifikiria hilo nilipochagua rangi mbili.

Jumapili, 23 Machi

Kipande cha kwanza kimekamilika, vizibo 243. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama vyombo vinaweza kusema lolote kuhusu sehemu nyeusi, maana si haki witiri peke yake zihesabiwe. Vinaweza, na nadhani jibu hili ni bora kuliko lile tulilolianza.

Chukua vibaba k katika chungu kimoja, na vibaba n − k katika kingine, kila chungu kikiwa kimepimwa kwa vyombo vyake. Vimimine pamoja ili upate n. Vibaba viwili vikikutana hugeuka kisaga kimoja, visaga viwili hugeuka pishi moja, na kila muungano wa namna hiyo hupunguza idadi ya vyombo kwa kimoja. Hesabu miungano iliyotokea: hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo namba iliyo katika nafasi ya k ya safu ya n inagawanyika kwa 2. Katika nafasi ya 3 ya safu ya 6 kuna 3 na 3, kila moja ikiwa kisaga na kibaba, yaani vyombo 4, na 6 yenyewe inahitaji vyombo 2 tu. Vimepotea 2, na namba iliyopo ni 20, yaani 2 mara 2 mara 5. Katika nafasi ya 3 ya safu ya 8 kuna 3 na 5, vyombo 4, ambavyo huishia kuwa kimoja. Vimepotea 3, na namba ni 56, yaani 8 mara 7. Mjerumani Ernst Kummer aliithibitisha kanuni hii mwaka 1852, kwa namba tasa yoyote, kabla ya Lucas na Glaisher. Miungano ndiyo ile kubeba tunayoifanya tunapojumlisha kwa kupanga tarakimu, na witiri ni mahali ambapo hakuna kilichobebwa.

Tungeweza kupaka sehemu nyeusi vivuli tofauti kulingana na idadi ya miungano. Nimeliacha wazo hilo. Vipande viwili vimekwisha pakwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Vipande vyote vitatu viko ukutani tangu Alhamisi. Mvua za masika zilituchelewesha siku mbili kwa sababu mkokoteni haukuwa na turubai. Tulihesabu safu kwa safu, mpwa wangu akisoma namba kwa sauti nami nikitaja vyombo, tukafika 729. Maungio yanaonekana kama nilivyoogopa, ila mtu akisimama mlangoni jicho huyaruka.

Fundi alikuja kuangalia kazi yake, akauliza kama tukigawanya kwa 3 badala ya 2 itatoka sura nyingine. Tumekaa naye jioni nzima kwenye hesabu. Kwa safu 27 nafasi ni 378, na namba zisizogawanyika kwa 3 ni 216. Kati ya hizo zinazoacha baki ya 1 ni 140, na zinazoacha baki ya 2 ni 76, kwa hiyo zitahitajika rangi mbili. Vipande vitakuwa sita vya safu 9, vikipangwa kimoja, viwili, vitatu. Vitano vinafanana, kila kimoja kikiwa na vizibo 26 vyekundu na 10 vya manjano, na kile cha katikati ya mstari wa chini kina rangi zilizobadilishana, 10 vyekundu na 26 vya manjano. Guniani vimebaki vizibo 190, kwa hiyo vinapungua 26.